Tarehe 16 Agosti: Vifo Vitatu, Kiti cha Dramu na Kamba Inayowaunganisha

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Ninaandaa kipindi kifupi cha redio cha kumbukumbu ya leo katika muziki, na zamu yangu imeangukia tarehe 16 Agosti. Katika kutafutatafuta nimekuta kwamba Robert Johnson, Elvis Presley na Aretha Franklin wote walifariki siku hiyo, na Madonna alizaliwa siku hiyo. Je, haya ni kweli au ni porojo za mitandaoni? Na kama ni kweli, siku hii ina jambo la pekee, au ni sadfa tu? Niseme nini bila kuwapotosha wasikilizaji?"

Ndugu msomaji, swali lako lina sehemu mbili ambazo waandaaji wengi wa vipindi vya namna hii huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni ya ushahidi: je, matukio hayo yalitokea tarehe hiyo? Sehemu ya pili ni ya maana: je, kukutana kwake katika tarehe moja kunatuambia lolote? Kwa sehemu ya kwanza jibu langu ni ndiyo, yote uliyoyataja ni kweli. Kwa sehemu ya pili, tarehe yenyewe haina siri yoyote, lakini hao watatu waliofariki wameunganishwa na kamba nyingine iliyo imara kuliko kalenda, na kamba hiyo ndiyo ningependa uwaonyeshe wasikilizaji wako.

Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi wa kusini), alifariki karibu na mji wa Greenwood katika jimbo la Mississippi, Marekani, tarehe 16 Agosti 1938, akiwa na umri wa miaka 27. Elvis Presley alifariki Memphis, Tennessee, siku hiyo mwaka 1977, akiwa na miaka 42. Aretha Franklin alifariki Detroit, Michigan, mwaka 2018, akiwa na miaka 76. Madonna alizaliwa Bay City, pia katika jimbo la Michigan, mwaka 1958, na mwaka 1985, siku aliyotimiza miaka 27, aliolewa na mwigizaji Sean Penn. Kwenye orodha yako ongeza matukio mawili ambayo hukuyataja: kuondolewa kwa mpiga dramu Pete Best katika bendi ya Beatles mwaka 1962, na siku ya pili ya tamasha la Woodstock mwaka 1969. Wapenzi wa jazi watakukumbusha kwamba mpiga piano Bill Evans alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1929 na kwamba mpiga dramu Max Roach alifariki tarehe hiyo mwaka 2007, nao wana haki ya kukukumbusha, ingawa mimi nisingewabana wote ndani ya dakika chache.

Sasa kuhusu sadfa. Ukiwataja watu watatu kwa majina kabla hawajafa, kisha ukauliza kuna uwezekano gani kwamba wote watafariki tarehe moja ya mwaka, utapata takriban mara moja katika 133,225, yaani 365 mara 365. Idadi hiyo inatisha, na ndiyo inayowafanya watu waseme kwamba siku hii imelaaniwa. Lakini hakuna aliyewataja watatu hawa mapema. Sisi tulingoja wafariki, tukapitia majina yote tunayoyajua, kisha tukawatenga wale waliokutana, na kwa utaratibu huo hesabu hubadilika kabisa. Ukiwakusanya watu 23 tu bila kuchagua, uwezekano wa kuwapo wawili wenye tarehe moja unazidi nusu, na ukiwakusanya 88, uwezekano wa kuwapo watatu wa namna hiyo nao unazidi nusu. Historia ya muziki uliorekodiwa ina maelfu ya watu wanaokumbukwa, kwa hiyo la kushangaza lingekuwa kukosekana kwa tarehe yenye vifo vya watu watatu mashuhuri.

Nikuonyeshe jinsi macho ya mtu anayetafuta ishara yanavyofanya kazi. Johnson alifariki Jumanne, na Presley alifariki Jumanne. Best aliondolewa Alhamisi, na Franklin alifariki Alhamisi. Yote hayo ni kweli, unaweza kuyahakikisha katika kalenda yoyote, na bado hayana maana yoyote, kwa kuwa siku za juma ni saba tu na lazima zijirudie. Ukiyasema hewani kwa sauti ya mtu aliyegundua siri, utakuwa umewapotosha wasikilizaji kwa kutumia ukweli mtupu.

Kati ya vifo hivyo vitatu, kinachohitaji uangalifu zaidi ni cha Robert Johnson, kwa sababu kwa miaka 30 hakuna aliyekuwa na hati mkononi ya kuthibitisha lini na wapi alifariki. Wapenzi wa bluzi walikuwa na sahani zake za santuri na uvumi mwingi, basi. Mwaka 1968 mtafiti Gayle Dean Wardlow alikipata cheti chake cha kifo katika kumbukumbu za jimbo la Mississippi, na tarehe tunayoitumia leo imetoka humo. Ningependa uitazame hati hiyo kwa makini, kwa sababu inaeleza zaidi ya tarehe. Mahali palipotengwa kwa ajili ya sababu ya kifo pameandikwa tu kwamba hapakuwa na daktari. Nyuma yake msajili aliandika maelezo aliyoyapata kwa mzungu mwenye shamba ambako Johnson alifia na kwa mwanamke mmoja mweusi wa mahali hapo. Walisema alikuwa amekuja wiki mbili au tatu kabla, akitokea Tunica, ili kupiga banjo katika dansi ya watu weusi iliyofanyika shambani, na kwamba alikaa kwa wenyeji akisema anataka kuchuma pamba. Mwenye shamba hakumwitia daktari kwa sababu hakuwa mfanyakazi wake. Alizikwa katika jeneza la kutengenezwa kienyeji lililotolewa na kaunti.

Soma tena neno hilo, banjo. Mtu ambaye vizazi vya wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza vingemsikiliza kwa kurudiarudia, vikijaribu kuelewa jinsi mtu mmoja mwenye gitaa moja anavyoweza kusikika kama wawili, aliingia katika kumbukumbu za serikali kama mgeni aliyekuja kupiga banjo. Mimi nimekuwa nikifundisha historia ya bluzi kwa muda mrefu, na sijapata hati nyingine inayoeleza kwa ufupi kiasi hicho jinsi jamii ile ilivyomwona mwanamuziki mweusi wa mashambani. Kama dakika zako ni chache, toa tarehe, kisha uyasome maelezo ya cheti hicho, nayo yatatosha.

Kuhusu chanzo cha kifo, sema kwamba hakijathibitishwa, usiende mbali zaidi. Mwenye shamba alitoa maoni kwamba ulikuwa ugonjwa wa kaswende, na hayo yaliandikwa nyuma ya cheti kama maoni yake, wala si kama uchunguzi. Mwanamuziki Honeyboy Edwards, aliyesema kwamba alikuwa naye siku zile, alisimulia kwamba Johnson alitiliwa sumu katika wiski kwa sababu ya wivu wa mume wa mwanamke mmoja. Wengi wanaikubali simulizi ya pili, lakini haina hati. Hata kaburi lake lina mgogoro: yako mawe matatu ya ukumbusho katika viwanja vya makanisa matatu tofauti kuzunguka Greenwood. Na ile hadithi kwamba aliiuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda ili apewe ufundi wa gitaa, nakuomba uiache kabisa, kwa sababu ilisimuliwa kwanza kumhusu mwanamuziki mwingine wa Mississippi, Tommy Johnson, ambaye hakuwa ndugu yake, na kwa sababu inamnyima Robert sifa ya jasho lake. Mtu aliyeketi akajifunza kwa juhudi hastahili kuambiwa kwamba alipewa kipaji na shetani.

Kazi yake yote iliyorekodiwa ni nyimbo 29. Alizirekodi kwa awamu mbili tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937, na kati ya hizo mmoja tu ndio uliouzika vizuri wakati wa uhai wake. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa usimsahau, kwa kuwa ndiye kamba niliyoitaja mwanzoni: John Hammond, mtayarishaji wa muziki wa New York. Mwaka 1938 Hammond alikuwa akiandaa tamasha kubwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, lenye nia ya kuwaonyesha watu wa mjini safari ya muziki wa Wamarekani weusi kutoka nyimbo za kanisani hadi jazi, na alimtaka Robert Johnson apande jukwaani. Alipomtafuta, aliambiwa kwamba amekwisha kufa. Tamasha lilifanyika tarehe 23 Desemba 1938, miezi minne na siku chache baada ya kifo hicho. Big Bill Broonzy aliimba katika nafasi yake, lakini Hammond hakuridhika na hilo peke yake: mbele ya ukumbi uliojaa watu aliagiza sahani mbili za Johnson zichezwe. Watu walikaa katika ukumbi ule wenye heshima kubwa, wakaisikiliza sauti ya marehemu ikitoka kwenye santuri, ilhali wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wakilisikia jina lake.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1960, Hammond huyohuyo, sasa akifanya kazi katika kampuni ya kurekodi muziki ya Columbia, alisikia rekodi ya majaribio ya msichana wa miaka 18 kutoka Detroit, akampa mkataba. Msichana huyo alikuwa Aretha Franklin. Mwaka uliofuata, 1961, Columbia ilitoa albamu iliyokusanya nyimbo za Johnson, na albamu hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikawafikia vijana wapiga gitaa wa Uingereza kama Keith Richards na Eric Clapton. Kwa hiyo, muda mrefu kabla kalenda haijawakutanisha, Johnson na Franklin walikuwa wamekwisha kukutana katika kampuni moja, na masikio yaliyomtafuta mmoja ndiyo yaliyomtambua mwingine. Mwaka 1986, katika hafla ya kwanza ya ukumbi wa heshima wa rock and roll wa Marekani, Elvis Presley aliingizwa, Robert Johnson akaingizwa katika kundi la watangulizi, na John Hammond akatunukiwa kwa kazi ya maisha yake. Aretha aliingizwa mwaka 1987, akiwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Uhusiano wa namna hii unaweza kuusimamia hewani bila wasiwasi, kwa kuwa umetengenezwa na maamuzi ya watu.

Presley naye anaingia katika kamba hiyo kupitia ardhi ileile ya Mississippi. Alizaliwa Tupelo tarehe 8 Januari 1935, wakati Johnson akiwa kijana anayetembea na gitaa lake katika mashamba ya upande wa pili wa jimbo hilohilo. Familia ya Presley ilihamia Memphis mwaka 1948, na mwezi Julai 1954 kijana huyo wa miaka 19 aliingia katika studio ndogo ya Sun akarekodi wimbo ulioanzisha safari yake. Wimbo huo haukuwa wake. Ulikuwa wa Arthur Crudup, mwanabluzi mweusi mzaliwa wa Mississippi, ambaye alifariki mwaka 1974 akiwa amepata sehemu ndogo mno ya mirabaha aliyostahili. Najua kipindi chako ni cha tarehe 16 Agosti na Crudup hahusiki na tarehe hiyo, lakini huwezi kumtaja Presley kwa haki bila kumtaja mtu aliyempa wimbo wa kwanza.

Kuhusu siku yenyewe ya mwaka 1977, mambo yanajulikana karibu kwa saa. Presley alitakiwa kuanza ziara mpya tarehe 17 Agosti katika mji wa Portland, jimbo la Maine. Usiku wa kuamkia tarehe 16 hakulala: alikwenda kwa daktari wa meno, alfajiri akacheza mchezo wa raketi katika jengo lililo nyuma ya nyumba yake ya Graceland, kisha akaketi kwenye piano iliyokuwamo humo akaimba nyimbo mbili tatu mbele ya watu wachache wa karibu. Alasiri alikutwa amelala chini bafuni, akakimbizwa hospitali, na saa 9:30 alasiri madaktari wakatangaza kwamba amefariki. Mkaguzi wa maiti wa kaunti alisema kwamba ni moyo, ilhali vipimo vilivyofuata vilikuta mwilini mwake dawa nyingi alizoandikiwa na daktari, na tangu hapo mabishano juu ya uzito wa kila sababu hayajaisha. Katika kipindi kifupi taja yote mawili, usimhukumu marehemu.

Saa hiyo ya 9:30 inanipa nafasi ya kukutahadharisha kuhusu jambo ambalo watu wa kumbukumbu za kila siku hulisahau. Presley alipotangazwa kuwa amefariki, saa za Tokyo zilikuwa 11:30 alfajiri, na kalenda ya huko ilionyesha tarehe 17. Mashabiki wake wa Japani walizipata habari hizo siku ambayo kwao haikuwa 16 hata kidogo. Kanuni tunayoifuata ni kwamba tarehe ya tukio ni tarehe ya mahali lilipotokea, na ni vizuri uishike bila kuyumba, ingawa kanuni hiyo yenyewe inatukumbusha kwamba tarehe ni makubaliano ya watu. Mazishi yalifanyika tarehe 18 katika makaburi ya Forest Hill, na mwezi Oktoba mwaka huohuo mwili ulihamishiwa katika bustani ya Graceland kwa sababu za usalama. Hadi leo mashabiki hufanya mkesha wa mishumaa langoni pa nyumba hiyo, nao huuanza jioni ya tarehe 15. Ukiona picha za mishumaa zenye tarehe 15, usidhani kuna aliyekosea.

Na ilikuwa asubuhi iliyofuata mkesha wa namna hiyo, mwaka 2018, ambapo Aretha Franklin alifariki nyumbani kwake Detroit, saa 3:50, kwa saratani ya kongosho. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Aretha alizaliwa Memphis, tarehe 25 Machi 1942, katika nyumba ndogo ya mbao ya mtaa wa Lucy. Mji aliofia mfalme wa rock and roll ndio mji aliozaliwa malkia wa soul. Hawakuwahi kuwa majirani, kwa sababu baba yake, mhubiri wa Kibaptisti mzaliwa wa Mississippi, aliihamishia familia kaskazini Aretha akiwa bado mtoto mdogo, kwanza Buffalo kisha Detroit. Safari hiyo ilikuwa sehemu ya uhamaji mkubwa uliowatoa mamilioni ya watu weusi katika mashamba ya pamba ya kusini na kuwapeleka katika miji ya viwanda. Ukiichora kwenye ramani utaona kitu kizuri: Greenwood, Memphis, Detroit. Vifo vyetu vitatu vimetokea kwa mpangilio, miaka 39 kisha 41, vikiufuata mstari uleule ambao bluzi ilipita ilipokuwa ikielekea kaskazini. Mpangilio wa vifo ni sadfa, lakini mstari wenyewe watu waliutembea kwa miguu, kwa treni na kwa mabasi.

Kuhusu Aretha ningependa uoneshe kitu kimoja kwa karibu badala ya kutaja tuzo zake 18 za Grammy. Miaka yake ya Columbia haikumfaa sana, kwa kuwa kampuni haikuamua inataka kumfanya mwimbaji wa aina gani. Mwishoni mwa mwaka 1966 alihamia kampuni ya Atlantic, na tarehe 14 Februari 1967, mjini New York, alirekodi "Respect". Wimbo huo ulikuwa umetungwa na kurekodiwa na Otis Redding mwaka 1965, na katika kinywa chake ulikuwa wimbo wa mwanamume anayerudi nyumbani na fedha zake akidai aheshimiwe. Aretha aliubadilisha mdai. Sasa ni mwanamke anayesema fedha anazo yeye mwenyewe, na anachotaka ni heshima. Tena akaongeza kitu ambacho hakimo katika rekodi ya Otis: akalitamka neno lenyewe herufi kwa herufi, zote saba, kama mwalimu anayemsomesha mwanafunzi asiyeelewa, huku dada zake Carolyn na Erma wakiitikia nyuma yake kwa kasi, kwa mtindo wa kuitikiana waliolelewa nao kanisani kwa baba yao. Mwezi Juni mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, ukawa wimbo wa wanawake na wa wapigania haki za watu weusi, na tangu hapo watu wengi hawajui kabisa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanamume. Cheza sekunde 20 za sehemu ile ya herufi na wasikilizaji wataelewa ninachosema.

Mwili wake ulibebwa katika gari la maiti aina ya LaSalle la mwaka 1940, lilelile lililombeba baba yake mwaka 1984 na Rosa Parks, mpigania haki za watu weusi, mwaka 2005. Nakiri kwamba kila ninapoitazama picha ya gari hilo likiwa limeegeshwa mbele ya jumba la makumbusho la Detroit, naona historia nzima ya mji huo imeketi ndani yake.

Tukio la mwaka 1962 ni la namna nyingine. Pete Best alikuwa amepiga dramu za Beatles kwa miaka miwili, tangu safari yao ya kwanza ya Hamburg mwezi Agosti 1960, na katika mji wao wa Liverpool alikuwa na wapenzi wengi kuliko wenzake, hasa wasichana. Mwezi Juni 1962 bendi ilirekodi majaribio London, na mtayarishaji George Martin akasema kwamba katika rekodi rasmi angemtumia mpiga dramu mwingine. Asubuhi ya tarehe 16 Agosti meneja Brian Epstein alimwita Best ofisini kwake, akamwambia kwamba wenzake wanataka atoke na kwamba Ringo Starr ataingia. Wenzake wenyewe hawakuwapo chumbani. Jioni ileile bendi ilikuwa na onyesho Chester, Best hakutokea, na ikabidi mpiga dramu wa bendi nyingine, Johnny Hutchinson, aombwe ashike vijiti. Starr alipanda jukwaani siku mbili baadaye, tarehe 18. Mashabiki wa klabu ya Cavern walizomea wakilitaja jina la Best, na katika vurugu za siku hizo George Harrison alipigwa ngumi akavimba jicho.

Hapa kuna kosa dogo ambalo hujirudia mwaka hadi mwaka: watu husema tarehe 16 ni siku ambayo Ringo alianza kupiga na Beatles. La, ni siku ambayo Best aliondolewa; kuanza kwa Ringo ni tarehe 18. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yaliusaidia sana muziki, kwa sababu Starr, mtu wa mkono wa kushoto anayepiga dramu zilizopangwa kwa mkono wa kulia, alikuwa na namna ya kujaza nafasi kati ya mistari ambayo hakuna aliyeweza kuiiga sawasawa. Lakini namna yalivyofanywa, kwa vijana watatu kumtuma meneja awasemee, haikuwa ya kiungwana. Best alisubiri hadi mwaka 1995, albamu ya rekodi za zamani ilipotolewa ikiwa na baadhi ya nyimbo alizopiga, ndipo akapata mrabaha wa maana.

Woodstock unaweza kuitaja kwa sentensi mbili. Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 1969, huko Bethel katika jimbo la New York, bendi ya Santana, ambayo albamu yake ya kwanza ilikuwa bado haijatolewa, ilipanda jukwaani mchana ikateremka ikiwa maarufu. Ila uwe mwangalifu na waliofuata, kwa sababu ratiba ilichelewa sana usiku ule: Janis Joplin, Sly Stone na The Who huhesabiwa katika siku ya pili ya tamasha, ilhali walipiga baada ya saa 6 usiku, na The Who walimaliza kukipambazuka, yaani tarehe 17.

Madonna naye asikupotezee muda mrefu katika kipindi hiki, si kwa sababu hana uzito, bali kwa sababu siku ya kuzaliwa haina tukio la kimuziki ndani yake. Tarehe yake ina uhusiano mmoja wa kweli na mengine: alikulia viunga vya Detroit, mji wa Aretha, na siku Aretha alipofariki yeye alikuwa akitimiza miaka 60.

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na kile cheti cha mwaka 1938 na mahali pale palipoandikwa kwamba hapakuwa na daktari, nikaingia Carnegie Hall na Hammond, nikamfuata Hammond hadi kwa Aretha, kisha nikarudi Memphis kwa Presley na Crudup. Best ningemweka kama kuna nafasi. Woodstock na Madonna ningewapa sentensi zao, nikaendelea. Sadfa ya tarehe ningeitaja kwa jina lake, yaani sadfa, mara moja tu. Na pale mwishoni ningefanya alichofanya Hammond: ningecheza wimbo mmoja wa Johnson kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusema neno juu yake. Muda hautakushinda, kwa kuwa upande mmoja wa sahani za zama zile ulibeba takriban dakika tatu tu.